Jino la Tatu

Kwenye fomu ya kupandishwa cheo
kuna kisanduku: Idadi ya makala.
Hakuna kisanduku kinachouliza: Ulikwenda?
Niliandika kumi na moja, kwa wino mweusi,
nikatia sahihi yenye mkia mrefu.

Sita kati ya hizo zilisimama juu ya mlango mmoja,
mlango wa nakshi, Mkomani, hapa hapa Lamu,
na tarehe yake: elfu moja mia mbili na ishirini ya Hijria.
Niliitamka mbele ya wanafunzi,
mbele ya wageni wenye mikoba ya kongamano,
hata ikawa kama siku yangu ya kuzaliwa.

Ndipo Nyevu Karisa wa maktaba,
anayelipwa nusu ya mshahara wangu
na kukalia kiti chenye mguu uliofungwa waya,
akanirudishia rasimu ya makala ya kumi na mbili.
"Daktari, tanbihi ya nne. Umeitoa wapi?"
Kwa fulani, nikasema.
"Na fulani kaitoa kwa nani?"
Nikatafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.

Alinikalisha kama mtoto wa chuoni.
Akanionyesha namna ya kuiuliza hazina ya majarida
kwa maneno mawili badala ya sentensi nzima,
namna ya kumfuata mnukuzi hadi kwa mnukuliwa,
na kwamba ukurasa wa kwanza wa majibu
si ukingo wa dunia.
Miaka kumi na tisa nafundisha.
Sikuwa najua, wala sikuwa nimeuliza.

Tukashuka. Makala ya juzi ilinukuu ya zamani kidogo,
ile ikanukuu tasnifu, tasnifu ikanukuu ripoti,
na ripoti, iliyopigwa chapa kwa mashine
ambayo kila "a" ilikuwa imeziba tumbo,
ilisema tu: inasemekana.

Inasemekana.
Juu ya neno hilo nimejenga ghorofa sita.

Kutoka ofisini kwangu hadi mlango ule
ni dakika kumi na mbili kwa miguu,
kumi na tano ukikutana na punda wa mchanga.

Bi Mwanashee alinifungulia, kofia nusu imeshonwa,
sindano kaibana midomoni.
"Watu huya, hupija picha, wakenda zao.
Hapana aloomba stuli."
Akanipa stuli. Akanipa na sindano.

Rangi ya mafuta, tabaka juu ya tabaka,
ya kijani, ya kahawia, ya Idi sijui ipi.
Ile mbili ilikuwa na meno mawili, kweli,
ila ubavuni palikuwa na kivimbe.
Nikachokonoa polepole, kama mtu atoaye mwiba
katika wayo wa mwanawe.
Ganda likadondoka shingoni mwangu.
Jino la tatu.

Mia tatu, si mia mbili.
Karne nzima ilikuwa imezibwa na rangi
isiyofika punje ya ulezi.

"Kwa hiyo mlango wangu ni kijana?"
Bi Mwanashee alicheka, kisha akanyamaza.
"Babu akiamba uchongwe na ammi yake.
Nasi tukimuona mrongo,
kwani nyinyi muliandika kinyume."

Hilo sikulikuta katika hazina yoyote ya majarida.

Mwaka ule nilitoa makala moja. Kurasa tatu, masahihisho,
jina la Nyevu likitangulia langu.
Kamati iliuliza kama masahihisho huhesabiwa.
Bado wanajadili, na chai wanakunywa.

Tanbihi ya nne sasa inasomeka hivi:
Bi Mwanashee, mazungumzo, akishona kofia;
na babu yake, ambaye hakuaminiwa.
Mhariri akaniandikia: taja ukurasa.
Nikamjibu: juu ya stuli.